Nimempigia simu mwakilishi wetu wa jimbo

Hapa Minnesota, Marekani, Baraza la Wawakilishi la jimbo lina viti 134, na kila mwakilishi hurudi kwa wapiga kura baada ya miaka 2.

Leo mchana nimepiga simu ofisini kwa wetu, katika mji mkuu wa jimbo, Saint Paul, kuuliza kwa nini aliupigia kura ya hapana muswada wa kuwalinda wapangaji, ilhali wakati wa kampeni aliahidi kuuunga mkono.

Msaidizi wake aliuliza kwanza anwani yangu, ili ahakikishe kwamba ninaishi katika eneo lao.
Kisha nikasikia akigonga kibodi, na nilipomaliza akanisomea maneno yangu yote, neno kwa neno.

Hilo limenigusa sana.
Jibu la mwakilishi mwenyewe bado ninalidai.

Ndugu zangu, wawakilishi wenu huwajibu?