Tope la Tillamook na washauri wangu

Jamaa zangu wa Portland waliposikia nataka kupanda pikipiki kwenye njia za Msitu wa Tillamook, huko Oregon, Marekani, kila mmoja akageuka mwalimu. Huyu: "Jaza upepo tairi ziwe ngumu, zisipasuke kwenye mawe." Yule: "Kwenye utelezi kaa kitako, shusha miguu yote." Mimi nimebeba magunia ya viazi kwa bodaboda Lushoto, masika, barabara imegeuka uji. Lakini mgeni hana sauti, nikawasikiliza.

Karatasi hazina shida. Kozi ya usalama unaifanya mtandaoni bure, ukifaulu unapata kadi. Stika ya kibali cha pikipiki ni dola chache, inadumu miaka miwili. Ila ekzosi lazima iwe na kizuia cheche, na wasimamizi hawana mzaha. Msitu huo uliungua 1933, 1939, 1945 na tena 1951, kisha ukapandwa upya, hata wanafunzi wa shule wakishika miche. Ningekuwa wao ningekuwa mkali zaidi.

Basi tukaenda Browns Camp, eneo la kupandia pikipiki msituni humo, nje kidogo ya Barabara Kuu Namba 6. Alama ya kijani ni njia rahisi, mraba wa bluu ni ya wastani, almasi nyeusi achana nayo kwanza. Tukaingia ya bluu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, mizizi inang'aa. Kwenye mlima wa kwanza tairi langu gumu likagusa mzizi, likaruka pembeni, la nyuma likaanza kuchimba. Walimu wangu wakaja kusukuma: "Ongeza moto! Ongeza!" Nikaongeza. Likazama hadi kwenye ekseli, na wao wakala tope la kutosha. Hapo ndipo nikasema basi, sasa ni zamu ya Lushoto.

Nikazima injini, nikafunga koki ya petroli, nikailaza pikipiki ubavu. Wakadhani nimekata tamaa! Kumbe ukiilaza, tairi linatoka lenyewe shimoni. Nikajaza shimo mawe na matawi makavu, nikavuta mkia wa pikipiki pembeni, nikaisimamisha juu ya ardhi ngumu. Hakuna kusukumana, hakuna kamba. Halafu nikatoa upepo wa tairi hadi paundi 13 hivi, nikasimama wima juu ya vikanyagio, gia ya pili, klachi kidogo kidogo, kila mzizi nikiukata moja kwa moja, si kwa mshazari. Macho mbele, mbali. Nikafika juu bila kugusa chini.

Beba pampu ndogo. Na glavu za akiba, baridi ya huko ikikugandisha vidole hata klachi huisikii.

Yule wa "jaza upepo" nilimkuta amechutama nyuma ya gari, anatoa wake kimya kimya. Siku hizi nikiitwa kumnasua mtu, natoza mishikaki.