Mlevi wa kitabu teule alivyonifikisha kwenye runinga

Watu wakiniuliza nilianzia klabu gani ya vichekesho, huona kama nawakwepa nikijibu kwamba nilianzia kwenye kumbi za kulia chakula za shule za upili. Ndivyo ilivyokuwa. Kikundi chetu kilifanya mazoezi Nakuru Players Theatre, na muhula ukianza tunatoka kuigiza vitabu teule, vile vya fasihi vinavyotahiniwa kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili: leo Njoro, kesho Molo, keshokutwa Gilgil. Waigizaji ni wachache, wahusika ni wengi. Unatoka jukwaani ukiwa askari, unarudi ukiwa mzee wa kijiji, na koti ni lile lile. Na usione watoto. Sijakutana na hadhira kali kama kidato cha nne kinachosubiri mtihani. Ukiruka mstari, wanausema wao.

Mimi nilipewa nafasi ya mlevi. Mwelekezi wetu aliniambia jambo ninaloliishi mpaka leo: mlevi wa kweli haigizi ulevi, hujikaza aonekane hajalewa. Kwa hiyo sikuyumba. Nilitembea kwa hesabu, nikaamkia kila mtu kwa adabu iliyopitiliza, nikatoa shikamoo hadi kwa nguzo. Ukumbi ulivunjika mbavu kabla sijatamka neno la kitabu.

Baadaye nilielewa kwa nini Mzee Ojwang' wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha runinga, alitushika tangu tukiwa wadogo. Marehemu Benson Wanjau aliyemwigiza, aliyetuacha 2015, alikuwa Mkikuyu akicheza mzee Mjaluo, na wengi hawakujua. Lafudhi ilikuwa vazi tu. Aliyetuchekesha ni mzee anayelinda heshima yake huku kila kitu kikimponyoka.

Nilipoanza kupanda jukwaani peke yangu na maiki, kwenye hoteli na baa za mjini, mengi ya tamthilia yalinifaa na mengine ilibidi niyaweke kando. Sauti nilikuwa nayo. Kungoja kicheko nilikujua pia: usikatize, usikiache kife, ingia kinapoanza kushuka. Kilichonisumbua ni macho. Mwigizaji hufunzwa kutoiona hadhira. Mchekeshaji asipoiona, hana kazi. Mteja akiangusha chupa, hilo ni tukio lako, lazima useme kitu.

Halafu kuna suala la makabila. Wachekeshaji wengi wa Kenya huanza na lafudhi kwa sababu inachekesha haraka. Mimi ni mtu wa Nakuru. Kwenye meza moja huku utapata Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya, Mkisii na Mjaluo, na wote wanakumbuka ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008. Sisemi mzaha wa kabila ni haramu, nasema kwangu ulikuwa mwepesi mno. Niliamua kutafuta mtu, si kabila.

Nikampata kwenye ploti, nyumba za kupanga, za mtaa wa Kaptembwo hapa Nakuru: keateka, msimamizi anayemkusanyia mwenye nyumba kodi. Keateka wangu hatamki hilo neno kodi hata siku moja. Tarehe 5 anabisha mlango: "Umeamkaje? Mtoto alipona?" Tarehe 7 anasifia kochi lako, anauliza ulilinunua bei gani. Tarehe 10 anakuja na fundi "kuangalia tu" kama mlango wako unaweza kutoka kwenye bawaba. Ni yule mlevi wangu wa kitabu teule, ila huyu anaficha deni badala ya pombe.

Huyo ndiye niliyempeleka Nairobi, kwenye majaribio ya kipindi cha runinga. Unapanda matatu alfajiri, unafika kwenye foleni ya watu wanaochekeshana bure huko nje, unapewa dakika chache. Wengi walikuwa na mizaha mizuri kuliko yangu. Prodyuza aliniambia mizaha anayo tele, anachokosa ni mtu anayeweza kurudi wiki ijayo na jambo jipya.

Runinga ina masharti yake. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku ni muda wa familia, kwa hiyo mengi yaliyofanya kazi baa hayaingii. Unarekodi leo, unaonyeshwa baadaye, na mzaha wa habari za wiki umeshachacha. Kamera nayo iko karibu: nyusi zinatosha pale ambapo kwenye ukumbi wa shule ungetumia mkono mzima. Malipo hayatoki bila PIN ya KRA, namba yako ya mlipa ushuru, na asilimia 5 ya ushuru hukatwa kabla hujaiona hela. Ndugu zangu huko nyumbani hawaamini hiyo sehemu.

Sasa keateka ana kipande chake cha kudumu kwenye kipindi, na makeateka wa kweli hunisimamisha mtaani Section 58, Nakuru, kunipa siri za kazi. Mmoja alinieleza jinsi anavyojua mpangaji yumo ndani huku kufuli ikiwa nje. Hiyo tunairekodi mwezi ujao. Sharti lake ni kwamba nisitaje ploti.