Nimerudi, na nimenunua nyumba ya chini Kibada

Kwa wale mnaonitumia meseji kutoka Leicester na Reading, huko Uingereza nilikotoka, mkiuliza nimejenga au nimenunua, jibu ni nimenunua, nyumba ya chini, yaani isiyo ya ghorofa, vyumba vitatu kimoja masta, sebule, dining, jiko na stoo, ipo Kibada, Kigamboni, Dar es Salaam. Naandika kirefu kidogo manake wengi wenu najua mnatuma hela za tofali kila mwezi, boma limesimama mwaka wa ngapi sijui linasubiri kupauliwa, na huku kuna nyumba za watu zimeshajengwa, zimeshakaliwa, watoto wamekulia humo, zinauzwa kwa hela ambayo ukipiga hesabu ya finishing unakuta haipishani sana.

Mimi nimeondoka 2008. Kigamboni wakati huo ni pantoni tu, na mwaka huohuo ndo ukatangazwa ule mpango wa mji mpya wa Kigamboni, watu wakaambiwa wasiendeleze maeneo yao, mjomba wangu alikuwa na msingi Mjimwema ukabaki msingi mpaka ukaota majani. Kwa hiyo kichwani kwangu Kigamboni ilikuwa sehemu ya kwenda beach Idd Pili, siyo sehemu ya mtu kuhamia na mama yake. Nimerudi nimekuta daraja, lile lililofunguliwa Aprili 2016, mita 680 kutoka Kurasini unatokea upande wa Vijibweni, unalipia unapita, na mpango wenyewe wa mji mpya uliishia njiani watu wakaendelea kujenga. Nilikuwa nasikia tu kwenye simu, kuona kwa macho ni kitu kingine.

Na Kibada siyo sehemu iliyojengeka hovyo. Ni moja ya maeneo ya ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, serikali ilipima kwanza, ikaacha barabara, ikaacha maeneo ya shule na ya wazi, ndo viwanja vikauzwa. Faida yake unaiona leo. Nyumbani kwetu Mtoni gari ya kunyonya choo inasimama kule barabarani, mpira unapitishwa uani kwa watu wawili watatu ndo ufike, na siku baba alivyofariki turubai lilifungwa katikati ya njia, hata pikipiki haikupita siku zile zote za msiba. Hapa Kibada mtaani kwetu gari mbili zinapishana, watu wakifunga turubai njia inabaki. Mtu aliyekulia Mtoni anajua hiyo ni neema kiasi gani.

Sasa kwa nini ya chini. Kaka yangu amejenga Goba, ghorofa nzuri sana, nampongeza na nitaendelea kumpongeza, lakini vyumba vyote viko juu na mama ana magoti, kwa hiyo akienda kule anatandikiwa godoro sebuleni, wajukuu wako juu anasikia nyayo zao tu mpaka waamue kushuka. Na mimi huko Uingereza kazi yangu miaka yote ilikuwa kuhudumia wazee majumbani, nimeingia nyumba nyingi, nimeona bibi anaishi sebuleni na kitanda cha hospitali kwa sababu ngazi zimemshinda, chumba chake alicholala na mumewe maisha yote kiko juu hajakiona miezi, wenye uwezo wanafunga kile kiti cha umeme cha kupandia ngazi, wengine wanauza. Ndo maana kule nyumba za chini wastaafu wanazigombania na bei yake haishikiki. Nikasema mimi nikirudi nyumba yangu mama atatoka chumbani kwake mpaka jikoni, jikoni mpaka uani, uani mpaka getini bila kupanda kitu. Nilikuwa tayari kupunguza kila kitu kingine ila hicho hapana.

Dalali alinitembeza sehemu nyingi, Mbezi Beach, Salasala, Tegeta, nyumba ni nzuri jamani, watu wamejenga, ila za chini zenye kiwanja kikubwa zimebaki chache na nyingine anakwambia kabisa hii mnunuzi anayekuja ana mpango wa kuvunja apandishe apatimenti. Hii ya Kibada nilivyoingia tu nikajua. Kibaraza kirefu mbele, uani kuna banda la vyumba viwili, mchungwa, sehemu ya kuanikia, na jiko la nje lenye moshi ukutani kuonyesha lilikuwa linapika kweli. Mwenye nyumba ni mzee mstaafu anarudi kwao Mkoa wa Kilimanjaro na mkewe, watoto wameshatawanyika. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akasema marahaba mwanangu karibu, na mkewe akaleta chai kabla hatujaongea chochote cha bei.

Hapo niseme kitu ambacho naomba msikichukulie mwepesi. Mkewe alikuwa kimya muda wote. Sikutaka kuondoka bila kumsikia, nikaomba nikae naye, tukaenda uani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, hata kama hati ina jina la mume peke yake, kwa hiyo hata kisheria nilikuwa nahitaji kusikia kutoka kinywani kwake, lakini mbali na sheria, unanunuaje nyumba ambayo mama wa watu hajataka kutoka? Kumbe kuuza ameridhia, tena yeye ndo anataka zaidi kurudi karibu na dada zake. Kilichokuwa kinamsumbua ni kijana anayepanga banda la uani, mwanae yuko darasa la saba shule ya hapohapo, alikuwa anaogopa mnunuzi atawatoa mtoto akiwa kwenye mtihani. Nikamwambia mama hilo limeisha, wabaki mpaka mtoto amalize, na tukaliandika kwenye mkataba. Siku ya kusaini alisaini akiwa anacheka.

Kuhusu ukaguzi, nyumba ya bwana na bibi wazuri nayo inakaguliwa. Nilirudi mvua inanyesha nikaangalia maji yanasimama wapi, nikarudi usiku, nikaenda kwa mjumbe na kwa majirani wa pande zote. Pwani angalieni sana chumvi, gusa ukuta chini kabisa karibu na sakafu, rangi ikimomonyoka na unga mweupe unatoka basi chumvi imepanda, na angalia nondo kwenye kibaraza na kwenye lenta kama zege limeanza kupasuka. Hii ilikuwa na chumvi kwenye ukuta mmoja wa stoo, fundi akasema kinatibika, bei ikashuka kidogo kwa ajili hiyo. Maji pia, visima vingi Kigamboni vina chumvi, onja usiogope, uliza kama maji ya DAWASA yamefika na yanatoka kwa mgao gani. Hapa bomba lipo na kuna tangi juu ya mnara.

Makaratasi ndo wakili akachukua usukani. Tulifanya sechi ardhi kuona jina la kwenye hati ni la mzee kweli, hakuna rehani ya benki wala zuio, kodi ya ardhi haidaiwi. Hati zetu zinatoka za miaka 33, 66 au 99, kwa hiyo uliza imebaki mingapi, usiridhike tu kuambiwa "ina hati". Tukamlipa mpima akatuonyesha bikoni zote, yaani alama za mipaka ya kiwanja, moja ilikuwa chini ya maua ikachimbuliwa. Halafu mkataba wa serikali ya mtaa peke yake kwenye nyumba yenye hati hautoshi, lazima fomu za uhamisho zipite ardhi, na TRA kuna kodi ya faida ya mauzo ambayo ni ya muuzaji na kuna ushuru wa stempu asilimia 1, mkubaliane mapema nani analipa nini manake hapo ndo watu wanagombania mwishoni. Wale mliobadilisha pasi ulizeni wakili kabla ya kutuma hata shilingi, manake kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hamilikishwi ardhi kama mwananchi wa kawaida, mimi pasi yangu ni ya hapahapa haikunisumbua.

Na kitu kidogo ambacho nilikuwa sikijui, kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme na yenyewe inaondoka, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa mjini ni 90,000 kila sakafu. Siyo sababu ya kuchagua nyumba, ila kwa mama anayeishi kwa hela ya kutumiwa inasaidia.

Mabaya yapo. Mjini ni mbali, asubuhi foleni ya kuelekea darajani inachosha na ukienda pantoni unategemea pantoni imeamkaje. Hospitali kubwa ziko ng'ambo, nimelifikiria sana hilo kwa ajili ya mama na presha yake, nikahakikisha kuna kituo cha afya cha karibu na bajaji tunayemwamini ana namba yetu. Kama kazi yako ni Posta kila siku saa mbili kamili, sikushauri. Kama umerudi kupumzika, au una biashara huku huku, au unataka mzee wako apate kiwanja cha kutembea jioni, njoo uangalie.

Mama ameshachagua chumba, siyo masta, kile cha nyuma chenye dirisha la uani kwa sababu anataka kuona nani anaingia jikoni kwake. Hati bado iko ardhi inabadilishwa jina. Mwenye swali la Kibada, la wakili au la fundi wa chumvi aniulize, nitajibu kila mtu nikipata nafasi, ila bei ya nyumba naomba msiniulize hapa, mzee wa watu bado yupo na wengine wenu mnafahamiana naye.