Sifa za leo acha tu

Jamani watu wangu leo ibada ilikuwa ya mavuno na sijui hata nianzie wapi 😂🙌🏾 yaani umeme ulikata katikati ya pambio, kinanda kimya, maiki kimya, mi nikajua ndo basi tena, kumbe ndo kwanzaaa, mama mmoja wa kwaya ya akina mama akadaka kayamba akaanzisha upya, ngoma ikaingia, makofi, vigelegele, wazee wa kanisa wale wa suti na sura ngumu nao wakatoka kwenye mabenchi wakaunga treni kuzunguka kanisa zima. Mchungaji kaacha kabisa ratiba 😅 Kuna watu wanasema eti kucheza kanisani ni fujo, sasa mbona Daudi mfalme mzima alicheza mbele ya sanduku la Bwana kwa nguvu zake zote? Halafu mnada wa mavuno sasa, mkungu wa ndizi unanunuliwa unarudishwa madhabahuni unauzwa tena, jogoo naye anawika kila wakisema haleluya 😂😂 Sauti sina, miguu inauma, ila moyo mweupeee. Bwana asifiwe wapendwa, nani mwingine alikuwepo?