Nilivyoipunguza modeli ya majani hadi ikaingia kwenye simu

Picha nilikuwa nazo 900 tu za majani ya maharage, makundi matatu: yenye kutu, yenye madoa na mazima. Nilitaka modeli, yaani programu inayojifunza kutambua ugonjwa kwa kuangalia picha, ya kukaa ndani ya simu, ifanye kazi hata mtandao usipokuwepo. Nikaanza kuifundisha MobileNetV2, modeli ndogo iliyoundwa kwa ajili ya simu, kutoka sifuri. Ikakariri. Picha za mafunzo iliziweza zote, za majaribio ikawa inabahatisha.

Nikachukua ResNet-50, modeli kubwa zaidi, iliyokwisha kufundishwa kwa picha zaidi ya milioni 1.2 za ImageNet, hazina ya picha za vitu vya kila aina. Nikang'oa tabaka la mwisho lenye majibu 1,000, nikapachika la majibu 3. Matabaka mengine nikayagandisha yasibadilike, nikafundisha hilo jipya peke yake, kisha nikayalegeza yale ya juu kwa hatua ndogo sana. Ikatambua vizuri. Shida ikawa uzito: vigezo (namba za ndani ambazo modeli hujifunza) kama milioni 25, simu inahema. MobileNetV2 ina kama milioni 3.5.

Basi nikaifanya kubwa iwe mwalimu wa ndogo, yaani ndogo ijifunze kuiga majibu ya kubwa pamoja na lebo zangu (jina la kundi nililoipa kila picha), njia waliyoieleza Geoffrey Hinton, Oriol Vinyals na Jeff Dean mwaka 2015. Mwanafunzi naye safari hii nilimwanzisha na vigezo vya ImageNet. Sifuri ilishanifunza adabu.

Kuna picha moja iliyonifumbua macho. Lebo yangu ilisema "kutu", basi. Mwalimu alitoa kutu 0.95, madoa 0.05. Nikapandisha "halijoto", namba ya kulainisha majibu ya mwalimu, hadi 4, yaani alama ghafi zinagawanywa kwa 4 kabla ya kugeuzwa kuwa uwezekano: kutu ikashuka 0.61, madoa yakapanda 0.29. Nikaitazama tena ile picha. Kweli, pembeni mwa jani kulikuwa na doa la kahawia nililolipuuza wakati wa kuweka lebo. Shaka ya namna hiyo lebo haiibebi hata kidogo.

Hata hivyo siku mbili nzima mwanafunzi hakumsikia mwalimu wake. Nikabadilisha kila kitu isipokuwa kosa lenyewe: nilisahau kuzidisha hasara (kipimo cha makosa wakati wa mafunzo) ya upande wa mwalimu kwa mraba wa halijoto, yaani 16. Bila hivyo sauti yake hufifia, lebo zikatamba peke yake. Namba moja tu!

Sasa iko kwenye simu na inajibu papo hapo. Bado inakosea majani yenye umande. Nilipompa mwalimu picha hizohizo, kumbe naye anakosea vilevile.