Vibandiko vya mgongoni

Binti wa kaka yangu anasomea udaktari. Jana usiku aliniuliza, "Shangazi, ECG ya kwanza ya Babu, mistari ya V2 na V3 ilikuwa imeshuka?"

Ilikuwa imeshuka. Karatasi ile ya kipimo cha umeme wa moyo niliishika mwenyewe; V2 na V3 ni mistari ya vibandiko vya kifuani.

Baba alishikwa na kifua baada ya swala ya alfajiri. Teksi, foleni, aspirini. Daktari wa zamu akasema ST, kipande cha mstari ambacho kikipanda huashiria mshipa wa moyo umeziba, haijapanda, kwa hiyo tusubiri majibu ya troponini, kipimo cha damu cha kuona kama msuli wa moyo umeumia. Tukasubiri. Shati la Baba lililowa jasho, maumivu yakagoma kupungua. "Mwanangu, kuna jiwe limenikalia hapa."

Zamu ikabadilika. Daktari aliyeingia, kijana tu, aliitazama karatasi kimya kisha akaniambia, "Dada, nisaidie tumgeuze." Tukamlaza ubavu wa kulia, nikampandisha shati. Akapapasa chini ya mfupa wa bega la kushoto, akafuta jasho kwa pamba, akafuta tena kwa sababu vibandiko vilikuwa vinabanduka. Akapanga vitatu kuelekea uti wa mgongo, akahamishia nyaya huko. Mashine ikatema karatasi nyingine. Mistari imepanda! Akazilaza karatasi zote mbili kitandani, kalamu mkononi: "Ukuta wa nyuma wa moyo ukiumia, kifuani unaonekana kinyume. Hapa mbele imeshuka, kule nyuma imepanda." Alikuwa ameshaanza kupiga simu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Huko walikuta mshipa umeziba kabisa. Wakauzibua, wakaweka stenti, kijibomba cha kuushikilia ubaki wazi. Baba yupo, ila ngazi hapandi tena bila kupumzika.

Binti ananieleza kwamba mwaka 2018 madaktari wa Marekani, akiwemo Stephen Smith, walipendekeza mshtuko wa moyo ugawanywe kwa swali jingine: mshipa umeziba, au haujaziba? Maana kati ya wanaoandikiwa "ST haijapanda", karibu robo hukutwa mshipa umeziba kabisa. Robo! Nao wengi wanalazwa wasubiri, kama Baba, huku msuli wa moyo unakufa.

Nimejaribu kumkasirikia daktari wa kwanza, nimeshindwa. Alifundishwa kutafuta ST iliyopanda, akaitafuta, hakuiona. Lakini saa zile za Baba nazo siwezi kuzisamehe, na sijui nizidai kwa nani.

Nilimuuliza binti kama wao sasa wanafundishwa vingine. Akasema mhadhiri mmoja aliligusia. Maswali ya mazoezi waliyopewa bado yanaanza vilevile: ST imepanda, au haijapanda?