Ukili wangu: kutoka shibiri moja hadi pima mbili

Siku ya 1
Kazi yangu hapa Tanga ni ya mahesabu. Nikirudi nyumbani jioni, ukiniuliza leo nimefanya nini, sina cha kukuonyesha. Kuna jedwali nimelijaza, na kesho litarudi na marekebisho. Nimechoka kuchoka bure. Nikamwomba shangazi anifundishe kusuka ukili, ule mkanda mrefu wa ukindu (majani ya mkindu) unaoshonwa kuwa mkeka. Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mwanamume mzima na ukindu?" Halafu akanisogezea chane saba, yaani vipande vyembamba vya ukindu uliochanwa.

Siku ya 3
Vidole vinauma. Ukindu mkavu unakatika, kwa hiyo lazima uulowanishe, ila ukizidisha maji, ukili ukishakauka unalegea na mianya inaonekana. Shangazi anazifunika chane zake kwa kitambaa chenye unyevu, anachomoa moja moja bila hata kuangalia. Mimi nachomoa moja, zinatoka nne.

Siku ya 8
Nimejipangia shibiri moja kwa siku, toka ncha ya gumba hadi ya kidole cha mwisho mkono ukitanuliwa, baada ya chakula cha usiku. Sitaki futi ya fundi cherehani. Hesabu za wazee zinatosha: shibiri mbili mkono, mikono minne pima. Leo nimetimiza pima ya kwanza. Nimeizungusha kama utepe, nikaiweka juu ya televisheni. Kila anayeingia namwonyesha, hata kijana aliyeleta maji.

Siku ya 12
Hasara. Nilianika ukindu juu ya bati nikasahau kuuanua, mvua ikanyesha usiku kucha. Umeota ukungu, una madoa meusi. "Masika haya, mwanangu, unaanika na kulala?" Sikuwa na jibu. Nimenunua mwingine sokoni.

Siku ya 15
Kazi kubwa kumbe ni kuunga. Chane ikikaribia kwisha unaingiza nyingine chini yake, zinakwenda pamoja mapindo mawili matatu, ndipo ile ya zamani unaiacha. Ukichelewa, panabaki kinundu. Ukili wangu una vinundu kama kamba ya mvuvi. Ule wa shangazi nimeupitishia kidole gumba toka mwanzo hadi mwisho, sikukuta kitu.

Siku ya 19
Pima ya pili imetimia, nikampelekea shangazi. Akaivuta kwa mikono miwili, akaigeuza, akasema upande mmoja unabana kuliko mwingine. Ndiyo maana imepinda kama jambia. Akafumua nusu yake mbele ya macho yangu huku akiuliza habari za watoto. Nilirudi nyumbani kimya.

Siku ya 24
Nimeirudisha ile nusu. Nataka msala wa kuswalia, na kwa upana wa ukili wangu shangazi anakisia pima saba, kwa hiyo bado tano.

Usiku huu nilisuka shibiri tatu, sijawahi kufika hapo. Nikazipitishia kidole gumba, nikakuta kinundu mwishoni mwa ile ya kwanza. Mbili nimezifumua. Shangazi hakuwepo.